UZI: Kukoroga zege kidogo kwa mkono (lenta moja moja, nguzo za geti, mifuniko ya chemba) – vipimo halisi na makosa ya kila siku

Chepe_la_Makorora (#1)

Wakuu wa Tanga na pwani yote, salaam.

Kila wiki humu kuna anayeuliza "zege la lenta moja nichanganye vipi", na majibu huwa "karai moja, mbili, nne, baba, weka maji mpaka likae vizuri". Hilo jibu ndilo linaloleta lenta (zile boriti za zege juu ya milango na madirisha) zenye ufa. Nafungua uzi wa zege la kazi ndogo tu, kuanzia robo mfuko hadi mfuko mmoja, lisilostahili kukodiwa mashine. Wa slabu na jamvi kubwa wana uzi wao.

Jambo la kwanza ambalo watu hawalipi uzito: zege dogo linakosewa kirahisi kuliko kubwa. Kwenye robo mfuko (kilo 12.5) maji sahihi ni lita 6.9 hivi. Saidia fundi akimwagia lita moja ya "kulainisha", ni sawa na kumwaga lita 4 za ziada kwenye mfuko mzima. Uwiano wa maji kwa simenti unatoka 0.55 unafika 0.63, na nguvu inashuka kwa karibu sehemu moja ya tano, kwa kikombe kimoja kikubwa tu. Kwa hiyo ukikoroga kidogo, pima zaidi.

Vipimo (simenti:mchanga:kokoto, kwa ujazo), kwa mfuko wa kilo 50 ambao ujazo wake ni lita 35:

1:2:4 (lenta za kawaida, nguzo za geti, mifuniko): mchanga lita 70, kokoto lita 140, maji lita 27 hadi 28. Unapata zege lita 160 hivi.

1:1.5:3 (nguzo inayobeba, lenta ndefu, kitu chembamba chenye nondo): mchanga lita 52, kokoto lita 105, maji lita 25. Unapata lita 125.

1:3:6 (zege la chini ya msingi, lisilo na nondo): mchanga lita 105, kokoto lita 210, maji lita 30 hadi 32. Unapata kama lita 225.

Angalieni hapo: 1:2:4 jumla ya vitu vikavu ni lita 245, lakini zege ni lita 160. Mchanga unaingia kwenye nafasi za kokoto, na simenti kwenye nafasi za mchanga. Anayenunua vifaa kwa kudhani lita 245 zitatoka lita 245 atapungukiwa katikati ya kazi, na hapo ndipo anapoanza kuongeza mchanga.

Mfano. Lenta ya mlango wa sentimita 90, ukiegemeza sentimita 20 kila upande, urefu ni mita 1.3. Tofali za inchi sita, upana sentimita 15, kimo sentimita 20. Zidisha: lita 39. Ongeza asilimia 10 ya kumwagika na kubaki kwenye chepe, lita 43. Robo mfuko wa 1:2:4 unatoa lita 40. Umeona? Robo haitoshi, imepungua kwa lita 3 hivi, na lenta haimwagwi nusu leo nusu kesho. Koroga theluthi ya mfuko, au subiri lenta mbili zifike pamoja ukoroge nusu mfuko na robo ndogo ya akiba pembeni.

Namna ya kukoroga nitaileta baadaye. Anzeni na vipimo, kama kuna mwenye tofauti aseme.

---

BiTimazi (#2)

Mkuu umeanza vizuri, ila "lita 35" ina mtego. Hizo lita 35 ni simenti iliyotulia kama ilivyo ndani ya mfuko. Ukiimwaga kwenye ndoo inavuta hewa na kuvimba. Robo mfuko kwa ujazo ni lita 8.75, lakini ukichota lita 8.75 za simenti iliyomwagwa tu, mzani unaweza kukuonyesha kilo 10 badala ya 12.5. Umeshaibiwa sehemu ya tano ya simenti na hakuna mwizi.

Simenti ipimwe kwa uzito. Mzani wa dukani wa unga unatosha. Kama hakuna mzani, laza mfuko juu ya ubao, utandaze kwa viganja usawa, kisha ukate katikati kwa chepe. Nusu moja kilo 25, ikikosea inakosea kidogo. Nusu hiyo igawe kwenye ndoo mbili zinazofanana, zigongegonge chini mara kumi, linganisha kina, hamisha kidogo kidogo mpaka zilingane. Hapo una robo mbili.

Na mfuko uliokatwa usiachwe wazi hadi kesho. Hewa yetu hii ina unyevu usiku kucha. Funga kwenye nailoni nzito, weka juu ya mbao, mbali na ukuta.

---

Kiomoni_Kokoto (#3)

Nitaongeza kisanduku. Kwa kazi ya robo mfuko tengeneza fremu ya mbao isiyo na chini, ndani sentimita 25 kwa 25, kimo sentimita 14. Hiyo ni lita 8.75 kamili. Unaiweka kwenye sehemu ya kukorogea, unajaza, unapitisha ubao juu kukata usawa, unainyanyua, mzigo unabaki chini. Mchanga visanduku viwili, kokoto vinne, simenti kilo 12.5 za mzani. Hakuna kuhesabu machepe. Chepe la mchanga mbichi na chepe la kokoto havilingani hata siku moja, na chepe la asubuhi haliwi sawa na la saa nane mchana.

Wanaotumia karai: karai la rundo linaweza kuzidi karai la kukatwa usawa kwa theluthi nzima. Lijaze maji kwa chupa za lita moja na nusu ujue linabeba lita ngapi, andika kwa makapeni ubavuni.

Kwa kazi ya mfuko mzima kisanduku cha lita 35 ni sentimita 40 kwa 35 kwa 25.

---

mgeni_wa_Sahare (#4)

Samahani wakuu, mimi si fundi. Mchanga wangu ulinyeshewa juzi. Nipime vilevile au niupunguze kwa sababu una maji?

---

BiTimazi (#5)

Ndugu yangu, ni kinyume: unauongeza mchanga, unapunguza maji. Hapa ndipo hata mafundi wazoefu wanapotofautiana, kwa hiyo nitafafanua kidogo.

Mchanga wenye unyevu kidogo unavimba. Utando wa maji unazisukuma chembe zisikaribiane. Ukiwa na unyevu wa kama asilimia 5, ujazo unapanda kwa asilimia 20 hadi 30, na mchanga mwembamba unaweza kuzidi hapo. Ajabu ni kwamba ukiuzamisha kabisa ndani ya maji unarudi ukubwa wake wa ukavu. Kwa hiyo kisanduku cha mchanga mbichi kina mchanga mchache kuliko unavyodhani, na zege litatoka limejaa kokoto, lenye vishimo.

Jaribio lake ni dakika tano. Chukua ndoo iliyonyooka ubavuni, jaza mchanga wako mbichi bila kuushindilia, pima kina, tuseme sentimita 20. Utoe wote pembeni. Jaza maji nusu ndoo, rudisha mchanga polepole huku ukikoroga kwa nondo, uache utulie, pima tena. Ukikuta sentimita 16, mchanga ulikuwa umevimba kwa 20 gawanya kwa 16, yaani moja na robo. Basi badala ya lita 17.5 za robo mfuko unaweka lita 22.

Upande wa maji: hizo lita 17.5 za mchanga zina uzito wa kilo 27 hivi. Unyevu wa asilimia 5 ni lita 1.3 ambazo tayari zimo. Kwa hiyo lita 6.9 unazitoa hadi 5.6. Ukisahau hilo, umeingiza ile lita moja na zaidi aliyoisema Chepe hata kabla saidia fundi hajagusa ndoo.

Jioni kabla ya kazi funika rundo la mchanga kwa turubai. Si lazima ukauke, lazima ufanane. Rundo lenye juu kavu na chini mbichi litakupa zege la rangi mbili kwenye lenta moja.

---

Chepe_la_Makorora (#6)

Hapo BiTimazi kamaliza. Mimi nilikuwa nauongeza kwa kukadiria tu.

Sasa kukoroga. Njia ya chini ndiyo mama yao. Unahitaji sehemu ngumu isiyonywa maji: sakafu ya zege iliyolowanishwa, bati bapa, au plaiwudi. Juu ya udongo hapana. Udongo unakunywa maji ya simenti, na kila chepe la mwisho linabeba udongo.

Tandaza mchanga unene wa sentimita 10. Mwaga simenti juu, itandaze. Watu wawili, mmoja kila upande, machepe yaingie chini kabisa yagusane na sakafu, kisha pindua kuelekea upande mmoja mpaka rundo lote limehama. Hiyo ni mara moja. Rudisha, mara mbili. Mara ya tatu, angalia rangi. Kama kuna mistari ya kijivu na ya kahawia, bado. Ikiwa rangi moja tandaza, mwaga kokoto juu, pindua tena mara tatu zikiwa kavu. Tengeneza shimo katikati kama la kupikia ugali wa kilioni. Maji robo tatu ya kipimo, yaani kwa robo mfuko lita 5 hivi kama mchanga ni mkavu. Ingiza kingo ndani kidogokidogo, usiruhusu maji yavunje ukuta yatoke, yakitoka yametoka na simenti. Yakinyweka pindua mara tatu, maji yaliyobaki yanyunyize kwa kopo lenye matundu huku unapindua, siyo kumwaga.

Robo mfuko wa 1:2:4 ni kama kilo 95 za zege. Kugeuza kilo 95 mara tatu ni kazi ya watu wawili. Mtu mmoja peke yake atapindua juu juu, chini pabaki pakavu.

---

Pwani_Nondo (#7)

Napingana kidogo. Kokoto ukiziweka kavu zikapinduliwa mara tatu na mchanga mkavu, za chokaa kama za kwetu zinakunywa maji baadaye na zege linakauka mikononi. Mimi nasema kokoto zilowe kwanza, mwagia maji nusu saa kabla, ziache zichuruzike. Zinakuwa mbichi ndani na juu hazitiririshi. Pia maji yanaondoa vumbi. Kokoto za kusagwa zikiwa na vumbi jeupe, simenti inashika vumbi, haishiki jiwe. Ukivunja zege kama hilo utakuta kokoto imetoka nzima na kuacha kitanda chake kisafi. Zege zuri linavunjika kokoto ikiwa imeng'ang'ania.

Na utaratibu wa kwenye ndoo ni tofauti na wa chini, msiuchanganye. Kwenye ndoo au pipa maji yanatangulia.

---

Chepe_la_Makorora (#8)

Kulowanisha kokoto nakubali, nilipaswa kusema. Lakini zichuruzike kweli, maana kokoto zinazong'aa maji kwa nje zinaongeza nusu lita kwenye robo mfuko.

Elezea hiyo ya ndoo.

---

Pwani_Nondo (#9)

Njia nyingine za kiasi kidogo, kwa ninavyozijua:

Toroli. Toroli la kawaida linachukua lita 60 au 65 likijaa, lakini koroga lita 35 hadi 40 tu, vinginevyo unamwaga. Tumia jembe, siyo chepe. Jembe lililotobolewa matundu mawili ubapani ni bora zaidi, zege linapita ndani ya matundu na kujichanganya lenyewe. Vuta kuelekea kwako kipande kidogo kidogo kutoka mbele, kisha zunguka uvute kutoka upande wa pili. Adui wa toroli ni ile pembe ya mbele chini ya pua: simenti kavu inajificha pale. Ikwangue kwa mwiko kabla ya maji ya mwisho.

Pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu. Linalala kama mtumbwi, halina pembe, linachukua robo mfuko bila taabu. Lifunge kwa vigingi lisicheze. Kwa kazi za kujirudia, mathalani mifuniko kumi ya chemba, hili ndilo bora kuliko yote ya mkono.

Ndoo na drili yenye pangaboi la kukorogea. Hapa weka maji yote isipokuwa kikombe, kisha simenti, koroga iwe uji laini, kisha mchanga, mwisho kokoto. Ukianza na vikavu, chini ya ndoo patabaki donge ambalo pangaboi halilifikii. Ndoo ya lita 20 ikorogwe lita 12 tu. Kokoto zisizidi nusu inchi, na drili iwe ya nguvu na mwendo wa polepole. Drili ndogo ya kutobolea ukuta utaiunguza. Hii ni ya kuziba matundu na kushikilia bomba, usijengee nguzo.

Turubai. Mita mbili kwa mbili, watu wawili, lita 20 au 25. Kila mmoja anashika pembe mbili, mmoja ananyanyua mzigo ubiringike kwa mwenzake, kisha mwingine. Kavu mara sita, na maji mara kumi. Ni nzuri mahali ambapo huwezi kupeleka kitu kingine, ila mikunjo inabaki na mchanga mkavu, kwa hiyo kabla ya kumalizia ingiza mkono wenye glavu ufute mikunjo.

---

mgeni_wa_Sahare (#10)

Ahsanteni sana. Jirani anasema nguzo za geti haihitaji kukoroga, unamwaga mchanganyiko mkavu shimoni kisha maji juu. Kweli?

---

BiTimazi (#11)

Kwa kigingi cha kuanikia nguo, sawa. Kwa nguzo ya geti, hapana. Maji yakimwagwa juu yanapita pale penye njia rahisi, yanabeba simenti ya juu kuipeleka chini, na ubavuni panabaki mchanga mkavu. Geti linavuta nguzo kila likifunguliwa, na panapolegea kwanza ni pale usawa wa ardhi.

Shimo la sentimita 40 kwa 40, kina 60, ni lita 96. Toa ujazo wa nguzo yenyewe. Hiyo ni 1:2:4 ya kama sita ya kumi ya mfuko, nguzo moja. Mbili zinakula mfuko na kipande. Zege la nguzo ya chuma liinuke juu ya ardhi sentimita 5 na lisilibwe kwa mteremko, maji yasilale kwenye shina la chuma. Pwani chuma kinaliwa pale pale.

---

Mzee_wa_Biskuti (#12)

Habari za humu. Mmeandika vizuri lakini mnaongea kama mko Dodoma. Tuko Tanga, chumvi ndiyo mwenye nyumba.

Mchanga wa ufukweni hauwekwi kwenye zege lenye nondo, hata uwe bure na uko mita mia kutoka kiwanjani. Chumvi haiharibu simenti haraka kama inavyoharibu nondo: inavunja kinga ambayo simenti imeipa chuma, kutu inaanza, kutu ina ujazo mkubwa kuliko chuma, lenta inapasuka mstari mmoja mrefu usawa wa nondo ya chini. Mkiona lenta ina ufa wa hivyo na doa la kahawia, msipige plasta juu, ndani kumeoza. Kuosha mchanga huo kwa ndoo mbili za maji hakutoshi. Tumia mchanga wa mtoni, na vilevile uonje. Ndiyo, chembe mbili kwenye ulimi.

Maji hivyo hivyo. Kisima cha karibu na bahari kikiwa na ladha ya chumvi kitumie kuoshea machepe. Kwa zege tumia maji ya kunywa.

Kokoto za mawe ya matumbawe nazo zina vitobo na zinabeba chumvi. Za chokaa gumu la kusagwa, zile za upande wa Maweni na Kiomoni, zina tabia tofauti, msizichanganye kwa sababu zote ni nyeupe.

Halafu kifuniko cha nondo. Pwani sentimita 4 kutoka nondo hadi nje, kila upande. Kwenye lenta ya upana wa sentimita 15 inabaki 7 za ringi (vile vyuma vinavyozungushwa kufunga nondo). Ni finyu, ndiyo maana kokoto zisizidi robo tatu ya inchi, na nusu inchi ni bora. Biskuti, yaani vile vipande vya zege vya kuinulia nondo, zifinyangeni siku kadhaa kabla kwa uwiano uleule wa zege, unene sentimita 4, na kipande cha waya katikati cha kufungia. Kokoto iliyochomekwa chini ya nondo inateleza ukishindilia. Kipande cha mbao kinaoza na kuacha mlango wa chumvi.

Kuna watu wanauliza mbona magofu ya Tongoni yamesimama karne na karne karibu na bahari na nyumba zetu zinapasuka kwa miaka kumi. Tongoni ni mawe ya matumbawe na chokaa, hakuna nondo ndani. Hakuna cha kushika kutu.

---

Kiomoni_Kokoto (#13)

Mzee umenena. Niongeze udongo kwenye mchanga wa mtoni, maana huo nao si malaika. Chupa ya maji ya plastiki iliyonyooka, mchanga sentimita 10, maji yenye kijiko cha chumvi, tikisa sana, iache masaa matatu. Juu ya mchanga utaona tabaka laini la tope. Likifika milimita 6 anza kusita, likizidi milimita 8 uoshe au urudishe lori. Mkavu unaopukutika mkononi bila kuacha vumbi kiganjani ni dalili nzuri, lakini chupa ndiyo hakimu.

---

Fundi_Kange (#14)

Swali kwa wakubwa. Nikifuata 1:2:4 na kila kitu kimepimwa, bado naona kokoto zinabaki uchi na haliwezi kusilibwa. Maji siongezi. Tatizo nini?

---

Pwani_Nondo (#15)

Kokoto zako ni za ukubwa mmoja. Kokoto zikiwa zote robo tatu, nafasi baina yao inaweza kufika asilimia 40 au 45 na mchanga wako hautoshi kuzijaza. Usibadilishe simenti wala maji. Hamisha nusu sehemu kutoka kokoto kwenda mchanga: 1:2.5:3.5. Kwa robo mfuko mchanga lita 22, kokoto lita 30 na nusu. Au changanya kokoto theluthi moja iwe nusu inchi.

Ila kwanza fanya lile jaribio la mchanga kuvimba la BiTimazi. Mara nyingi "kokoto nyingi" ni mchanga mchache tu.

---

Chepe_la_Makorora (#16)

Kuna la kupima ulaini nimelisahau. Mtu akisema "likae vizuri" hapimi kitu. Fundi bati yeyote pale Ngamiani anaweza kukukunjia koni ya bati: kimo sentimita 30, chini sentimita 20, juu 10, wazi pande zote mbili. Iweke juu ya bati bapa, ikanyage isicheze, jaza kwa tabaka tatu, kila tabaka dunda mara 25 kwa nondo ya milimita 16 yenye ncha ya mviringo. Kata usawa juu, inyanyue wima taratibu. Zege litazama. Pima limezama kiasi gani ukilinganisha na koni iliyosimama pembeni. Lenta na nguzo: sentimita 5 hadi 10. Zege la chini ya msingi: mbili na nusu hadi 5. Likianguka lote kama uji, maji yamezidi. Likiporomoka upande mmoja kwa kukatika, mchanga ni mchache, rudia.

Koni inakula lita 5 na nusu tu na unazirudisha kwenye rundo, kwa hiyo hakuna hasara.

Bila koni: piga rundo kwa mgongo wa chepe. Pakifunga na kung'aa bila maji kutiririka, safi. Pakibaki kokoto tupu, bado. Maji yakikusanyika kwenye alama ya chepe, umeshapoteza.

---

BiTimazi (#17)

Na likishazidi maji, dawa si kuongeza mchanga. Ongeza simenti na mchanga kwa uwiano uleule, kidogo kidogo, na ukubali kuwa una zege zaidi ya ulilohitaji. Ndiyo sababu kikombe cha mwisho cha maji kikae mkononi mwa fundi, siyo kwa anayepita.

Muda nao. Jua letu la Desemba hadi Machi, zege la mkono limwagwe ndani ya nusu saa, likizidi sana dakika 45. Likianza kukakamaa kwenye karai usiliamshe kwa maji. Linalainika machoni, ila limeshakatika ndani. Ndiyo maana kwa mkono koroga robo robo mfululizo badala ya mfuko mzima mara moja kama mko wawili.

Wengine wanaongeza simenti asilimia 10 kwa zege la mkono, kwa sababu mkono hauchanganyi kama mashine. Ni kawaida inayokubalika. Kwa robo mfuko ni kilo moja na robo. Mimi naiweka kwenye lenta na nguzo, kwenye zege la chini siiweki.

---

Mzee_wa_Biskuti (#18)

Kushindilia hamjagusa. Nondo ya milimita 16, tabaka zisizidi sentimita 15, dunda ikipenya hadi kugusa tabaka la chini, hasa pembeni na chini ya nondo. Mwingine agongegonge mbao za boksi (kasha linalomwagiwa zege) kwa nyundo mpaka mapovu yaache kutoka. Zege lenye hewa asilimia 5 linaweza kupoteza karibu theluthi ya nguvu. Mbao zilowe au zipakwe oili kidogo kabla ya kupanga nondo, oili ikigusa nondo zege halishiki.

Kumwagilia: likishakuwa gumu kiasi cha kidole kutoacha alama, funika kwa magunia yaliyolowa na nailoni juu. Siku saba ni chini kabisa, kwa pwani nenda kumi hadi kumi na nne. Msimu wa kusi upepo unakausha uso kabla hujamaliza kuosha machepe, nyufa ndogo ndogo kama za tope lililokauka zinatokea saa ileile. Kumwagilia asubuhi na jioni tu, katikati pakauke, ni nusu kazi. Gunia libaki bichi wakati wote.

Mbao za pembeni zinaweza kutoka kesho yake. Za chini ya lenta ya mlango usiziguse kabla ya siku saba, na kama unapandisha tofali juu yake mara moja, acha kumi na nne.

---

mgeni_wa_Sahare (#19)

Mwisho wakuu: duka la mtaani wanauza simenti kwa kilo. Nahitaji kilo 17 tu. Ninunue?

---

BiTimazi (#20)

Kwa plasta ya kuziba, nunua. Kwa lenta, nunua mfuko uliofungwa. Ule wa kilo umekaa wazi hujui tangu lini, na wakati mwingine mfuko wa 32.5 na wa 42.5 (namba ya daraja la nguvu ya simenti) imechanganywa kwenye pipa moja. Iwe Simba ya hapo Pongwe au Twiga ya Wazo, soma namba hiyo kwenye mfuko. Ingiza mkono ndani: ipoe kiganjani, iteleze kama unga, donge livunjike kwa vidole viwili. Donge linalohitaji kugongwa limeshaganda, usilisage ukarudisha. Mfuko uliokaa miezi mitatu kwenye unyevu umeshapungua nguvu, hata kama hauna donge.

Kilo 33 zitakazobaki zitamaliza nguzo moja ya geti, siku ileile. Na uvae gambuti na glavu. Simenti mbichi inachoma ngozi bila kuuma kwanza, ukihisi imeshaingia. Ikirukia jicho, osha kwa maji mengi kisha hospitali, usisugue.

---

mgeni_wa_Sahare (#21)

Nimeelewa. Ijumaa jioni nafunika mchanga, Jumamosi alfajiri nakoroga. Chepe, ile fremu ya sentimita 25 kwa 25 kwa 14, kwa kilo 17 nafanyaje?

---

Chepe_la_Makorora (#22)

Kilo 17 ni theluthi ya mfuko, lita 11.7. Ongeza kimo tu: 25 kwa 25 kwa sentimita 18.7. Mchanga fremu mbili, kokoto fremu nne, maji lita 9 na robo kama mchanga ni mkavu, na kwa vile wako ulinyeshewa, fanya kwanza jaribio la ndoo ndipo ujue unaongeza mchanga kiasi gani na kutoa maji kiasi gani. Utapata lita 53 hivi, lenta moja na karai la ziada. Hilo karai usilitupe mtaroni, limwage kwenye shimo la nguzo ya geti mradi uwe umekoroga la nguzo palepale.